Kinyago Kilichofuta Miguu

Mama yangu alichemsha ming'oko ya watu watatu, na sisi tulikuwa wawili. Nilimwona akilifunga fungu la tatu katika jani la mgomba, nikauma ulimi. Nilikuwa nimefika jana yake kutoka Lindi, siku mbili za kutembea na kisigino kimechubuka, na sikutaka tuianze siku ya ngoma kwa ugomvi. Lakini mimi na kunyamaza hatujawahi kukaa nyumba moja.

"Mama, hilo la nani?"

"La njiani."

"Njiani kuna nani?"

"Njiani kuna njaa," akasema, akakaza kamba.

Ming'oko hailimwi. Ni mizizi myembamba ya porini, unaichimba kwa mti uliochongwa, unaichemsha na chumvi, unaimenya kwa meno. Ndiyo iliyotuvusha mwaka ule wa njaa, vita vilipokwisha na askari wa Wajerumani wakawa wamechoma kila ghala la mtama kuanzia kwetu mpaka chini ya mwinuko wa Rondo. Wengi walioivuka njaa ile hawataki hata kuiona ming'oko. Mama yangu aliipika kila alipopata, na aliipika ya watu watatu, kwa sababu kaka yangu Likwata aliipenda kuliko nyama.

Likwata alikuwa na miaka kumi na tisa alipoondoka. Ulikuwa mwaka wa pamba. Akida Abdurahmani, mtu wa Kilwa aliyewekwa na serikali kututawala, alikuwa akiwatoa watu mashambani kwao kwa kiboko wakalime pamba ya Mdachi, na mahindi yetu yakaliwa na nguruwe. Habari za maji ya dawa zilipofika kutoka Umatumbi, kaka yangu alikunywa kama walivyokunywa wenzake wote. Ila yeye kabla ya kwenda vitani alipita kwanza kwenye ghala la pamba la Akida, akalitia moto. Pamba inawaka vizuri sana. Waliokuwa Rondo wanasema waliuona mwanga.

Hakurudi. Tulihesabu mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akida yeye, aliyekuwa amekimbilia pwani, alirudi, na jina la Likwata likaandikwa katika daftari la boma Lindi, kwenye ukurasa wa watu wanaotafutwa wanyongwe kwa kamba. Kila baada ya mavuno Akida alipita nyumbani kwetu, akasimama mlangoni bila kuingia, akauliza, "Mama Likwata, mwanao hajarudi?" Mama akajibu, "Hajarudi, Bwana Akida," kwa sauti ya mtu anayeulizwa kama kuku wametaga.

Mimi niliamini amekufa. Nisifiche. Nilikuwa nimeolewa Lindi na Bakary, mwuza chumvi na samaki wakavu, nikasilimu, nikapewa jina la Kazija, na kila nilipokuja kwa mama nilimwomba jambo moja: tumsomee Likwata hitima, tunyoe nywele, tulie, tumalize, kisha mama afunge mlango aje akae kwangu. Alikuwa anazeeka peke yake katika nyumba inayovuja. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Nikihama, akija atampigia nani hodi?" Mwaka uliotangulia hasira ilinipanda, nikamwambia, "Mama, wafu hawapigi hodi." Hakusema nami siku tatu. Niliporudi Lindi nililia njia nzima, nikaapa mwaka ujao nitakuja kumchekesha tu, sitamtaka kitu.

Ndiyo maana siku ile tulikuwa tunakwenda Mtama, kutazama vinyago.

Vijana walikuwa wanatoka jandoni, na watu wa Mtama walikuwa wameita kundi la wachezaji kutoka ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mreno, kundi lililosifiwa sana. Mama alijipaka mafuta ya nyonyo mpaka mikono ikang'aa, akavaa kitambaa cheusi nilichomletea, akasafisha ndonya yake ya mpingo, kile kipande cha duara anachovaa kwenye mdomo wa juu kama wanawake wote wa umri wake kwetu. Tukaondoka alfajiri. Njiani alikuwa mtoto. Alinionyesha mahali alipoanguka na mtungi siku ya harusi ya shangazi, akaiga jinsi shangazi alivyopiga kelele, nikacheka mpaka nikasahau kisigino. Mama yangu alikuwa na maneno, alikuwa na mikono. Akisimulia habari ya mtu, yule mtu unamwona.

"Leo nitakimbia kuwashinda wasichana," akaniambia.

"Kwa magoti hayo?"

"Magoti ni yangu, nayaamrisha mimi."

Hapa lazima nieleze habari ya kukimbia, maana mtu wa pwani hawezi kuijua. Kinyago cha kwetu, ambacho wazee hukiita midimu, si mtu. Ni mfu aliyetoka ardhini kuja kutazama watoto wake wanavyoendelea. Hivyo ndivyo wanaume wanavyotuambia sisi wanawake, na sisi tunaitikia. Kinyago kinatoka porini kimefunikwa nguo na kamba kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, hakisemi, na kikimkabili mwanamke, mwanamke hupiga yowe akakimbia. Tangu nina miaka saba nilijua kwamba ndani yumo mjomba wa mtu. Mama alijua, bibi alijua. Tunamjua shemeji kwa magoti yake. Lakini mwanamke hasemi, hata kwa mwanamke mwenzake, na akikiona kinyago anakimbia kweli kweli, kwa sababu asiyekimbia amesema kwa miguu yake kwamba ndani kuna mtu. Faini yake ni mbuzi, kinyago kinavuliwa hadharani mbele ya wazee, na ngoma inavunjika. Ukiniuliza mimi, wachezaji wakubwa pale uwanjani si wanaume waliovaa vinyago. Ni sisi.

Tulifika jua limeanza kupinda. Uwanja ulikuwa umejaa, wanaume upande wa ngoma, wanawake upande wa pili, na katikati, kwenye kiti chenye mikono, ameketi Akida Abdurahmani na kanzu yake nyeupe, askari wawili nyuma yake. Nilimtazama mama. Alimpita akainama, "Shikamoo, Bwana Akida," akaitikiwa "Marahaba, Mama Likwata," akaja kukaa nami mstari wa mbele kabisa kana kwamba hakuona kitu.

Kinyago cha kwanza kilikuwa mzee mwenye ndevu za katani aliyepoteza punda wake. Cha pili kilikuwa askari mwenye masharubu, anayepiga saluti kwa kila mti mpaka kofia inamwangukia machoni. Wale askari wawili walicheka kuliko wote. Mama hakuwa mtazamaji wa kukaa kimya. Aliita, "Punda yuko nyuma yako, babu!" Alimwambia yule wa masharubu, "Mpigie saluti na mbuzi yule, amekukasirikia!" Watu wakawa wanageuka kumtazama yeye. Kinyago kilipotuelekea alipiga yowe la kupasua chungu, akanishika mkono, tukakimbia mpaka kwenye mihogo, tukarudi tunahema, tumeshikana, machozi ya kicheko yananitoka. Nilimpangusa vumbi shavuni. Sikumbuki mara ya mwisho tulipogusana hivyo. Nikasema moyoni, hata tukirudi tukagombana, siku hii nimeipata.

Kisha kikatoka kinyago cha tatu.

Kilikuwa mwanamke mzee. Kimechongwa na ndonya kubwa mdomoni, mashavu yamechanjwa, nywele za kweli zimebandikwa utosini. Kimefungwa matiti ya mti na kitambaa kiunoni, kina kijiti mkononi. Kilikuja kwa haraka, kimeinama mbele kidogo, kama mtu anayekwenda kwa jirani kudai ungo wake. Wanawake walianza kucheka kabla hakijafanya lolote, maana kila mmoja alimwona mama mkwe wake.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Bibi yule anamtafuta mtoto. Anachungulia chini ya kinu, anachungulia ndani ya chungu, anainua mkia wa mbuzi akachungulia na huko. Kisha anamwona mtoto mbali, anamwita kwa kijiti, na mtoto ambaye hayupo hataki kuja. Bibi anaghadhibika. Anajipiga paja la kushoto mara mbili, pa, pa, anatazama juu kama anayemwomba Mungu awe shahidi, halafu anatikisa kichwa polepole upande mmoja tu.

Nilicheka nikamgonga mama ubavuni kwa kiwiko. "Mama! Huyo ni wewe!"

"Mimi sifanyi hivyo," akasema.

"Paja la kushoto! Mara mbili! Mungu shahidi!"

"Nimesema sifanyi," akasema, akajipiga paja la kushoto mara mbili.

Nikaanguka kwa kicheko. Wanawake waliokuwa karibu, waliomjua mama, nao wakaona, wakaanza kumnyooshea vidole yeye na kinyago, kinyago na yeye. Mama akawa anacheka kwa aibu, amefunika ndonya kwa kiganja.

Kule uwanjani yule bibi alikuwa amempata mtoto wake. Alimkamata sikio, akamburuta mpaka mlangoni, mlango ambao haukuwapo, na pale akamzuia asiingie. Akamwonyesha kwa kijiti miguu yake yenye matope. Kisha, kumfundisha, akafuta miguu yeye mwenyewe chini: wa kulia mara mbili, wa kushoto mara moja, na ule wa kushoto akauzungusha kidogo kwa kisigino.

Nikaacha kucheka.

Mama alitulea kwa maneno mawili, "Futa miguu." Asubuhi, mchana, mvua na kiangazi: "Likwata, futa miguu!" Na Likwata, tangu ana miaka minne, alifuta wa kulia mara mbili, wa kushoto mara moja, na akauzungusha ule wa kushoto kwa kisigino, kwa ubishi tu, akijua mama anauchukia ule mzunguko. Alifanya hivyo mpaka ukubwani. Alifanya hivyo asubuhi ile alipoingia kuaga, ingawa matope hayakuwapo.

Ng'ambo ya Ruvuma, kwa Mreno, ni nani angejua jinsi mama yangu anavyogomba?

Niligeuka kumtazama. Mkono ulikuwa umemteremka mdomoni. Hakuwa anacheka wala kulia. Alikuwa anakitazama kile kinyago kama mtu anavyotazama mvua baada ya kiangazi kirefu, haamini na hataki kupepesa.

Ngoma ikabadilika. Tuliijua sote ile midundo, ni midundo ya kufukuza. Bibi wa mti akainua kijiti, akageukia upande wetu. Wanawake wakapiga yowe, wakainuka kama kuku walioona mwewe, wakatawanyika. Mimi niliinuka. Mama hakuinuka. Halafu akainuka, na ikawa mbaya zaidi, kwa sababu alisimama pale pale, peke yake, mikono imelegea, uwanja wote umebaki mtupu kumzunguka.

Kinyago kikasimama hatua kumi mbele yake. Hakikujua la kufanya. Mpigaji mmoja akakosa mdundo, wa pili akakosa, ngoma zikanyamaza. Nilisikia kiti kikilia. Akida Abdurahmani alikuwa ameinama mbele.

"Yule mwanamke haogopi?" akauliza. "Mama Likwata, huogopi mizimu wewe?"

Alicheka kidogo aliposema hivyo, lakini macho yake hayakucheka. Yalitoka kwa mama yakaenda kwa kinyago, yakarudi kwa mama. Mzee wa jando alikuwa anasogea tayari kutaka haki yake, na haki yake ilikuwa kuvua kile kinyago mbele ya watu wote, askari wawili wako pale, daftari liko Lindi. Nilimrudia mama mbio, nikamshika mkono juu ya kiwiko, nikamfinya kwa kucha.

"Kimbia, mama."

"Miguu haitaki, Kazija."

"Ulisema unaiamrisha wewe."

"Miaka minne," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia. "Miaka minne nimekaa hapo mlangoni. Sasa nimkimbie?"

Nilikuwa nimemwomba amzike, mimi. Nilisimama pale nikiwa nimemshika mama yangu, na mbele yetu alikuwa kaka yangu ndani ya sura ya mama yetu, na sikuweza kumwita jina. Nilichoweza kusema nilikisema sikioni kwake, haraka: "Kimbia polepole."

Alinitazama. Nikaona ameelewa.

Mama yangu akapiga yowe. Nimesikia mayowe mengi ya ngoma, yowe lile sijalisikia tena. Lilitoka chini kabisa, miaka minne yote ilikuwamo, akatupa mikono juu akakimbia, na alikimbia kama anavyokimbia bata, akiyumba huku na huku, magoti nje, akiangalia nyuma kila hatua ya tatu. Ngoma zikashika. Kinyago kikamfuata, na kwa kuwa kilikuwa mwanamke mzee nacho kikakimbia vile vile, kikiyumba, magoti nje. Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Wanawake wawili, mmoja wa mti na mmoja wa nyama, wakikimbia mwendo mmoja. Wakazunguka kinu. Wakazunguka mbuzi. Walipopita mbele ya Akida, Akida alikuwa amejishika mbavu. Mama alikuwa analia kwa sauti, machozi yanamiminika mpaka kwenye ndonya, na hakuna aliyeshangaa, maana mwanamke anayefukuzwa na kinyago analia.

Alikimbia polepole. Mzunguko wa pili akapunguza tena. Mzunguko wa tatu kinyago kikamfikia.

Mwanamke akiguswa na kinyago huanguka, na hainuki mpaka ajikomboe kwa chochote alicho nacho. Ule mkono wa nguo ulimgusa begani, ukakaa pale. Ulikaa kupita ilivyo desturi, lakini si sana. Mama akaanguka magoti. Akafungua pindo, akatoa lile fungu la tatu la ming'oko, akaliweka chini mbele ya miguu ile, kwa mikono miwili, bila kuinua uso. Niliiona ile miguu kuanzia kwenye vifundo. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na kovu la jembe, kovu nililolijua tangu utotoni.

Kinyago kikainama, kikaliokota jani kwa mikono miwili, kikalibana kifuani. Kikafuta miguu, wa kulia mara mbili, wa kushoto mara moja, kikauzungusha kwa kisigino. Kisha kikarudi porini kwa haraka kama kilivyokuja, na kinyago cha sungura kikaingia.

Tulikuwa tumefika ukingoni mwa uwanja, tukitaka kuondoka, Akida aliponyoosha fimbo yake kutuita. Bado alikuwa anajipangusa macho.

"Mama Likwata, umetuchekesha leo kuliko hao waliolipwa."

"Nashukuru, Bwana Akida."

"Lakini mwanzo ulisimama. Kwa nini ulisimama?"

Mimi nilifungua mdomo. Mama alinitangulia.

"Nilisimama kwa kuwa nilitaka kuuliza," akasema. "Bwana Akida, wewe ni mtu wa Kilwa, mambo yetu haya unayaona mchezo. Kwetu mfu akikugusa, unajua watu wako wako wapi. Miaka minne nimekataa kuguswa. Leo nimeguswa." Midomo ilimtetemeka na ndonya ikatetemeka nayo. "Mwanangu amekufa. Amekufa vitani. Nimekubali. Ijumaa ya wiki ijayo tunamsomea hitima, mkwe wangu ataleta mchele kutoka Lindi. Uje, Bwana Akida. Ulimtafuta sana, uje umalize nasi."

Akida aliacha kucheka. Alikuwa mtu wa dini, na alikuwa na mama huko Kilwa, bila shaka. "Inna lillahi," akasema, na akatazama chini. "Nitakuja, mama. Na karani nitamwambia alifute lile jina. Maiti hatafutwi."

Tuliondoka. Nilimshika mkono, na kwa mwendo mrefu nilitembea nikiwa na hofu mpya kabisa, kwamba labda nimeyaona yangu peke yangu, kwamba mama kweli ameona mzimu na amekubali kweli. Hakuonyesha mahali alipoanguka na mtungi. Tulipovuka kijito cha kwanza sikuweza tena.

"Mama. Umeona nini leo?"

"Nimeona kinyago," akasema. "Na wewe?"

Mwanamke hasemi, hata kwa mwanamke mwenzake.

"Nami nimeona kinyago."

Tukapanda kilima. Nilisikia pumzi yake, nikasikia anacheka kidogo ndani ya pumzi ile.

"Kimenenepa kidogo mabegani," akasema. "Umeona? Huko kwa Mreno wanakula vizuri."

Niliketi pale pale njiani. Nililia kwa kwikwi, nikamwambia anisamehe kwa neno lile la mwaka jana, la wafu na hodi. Alikaa karibu nami, akanivulia kiatu cha ngozi, akakitazama kisigino changu, akatafuna majani akakibandika. Kisha akafungua mafungu mawili yaliyobaki, tukala ming'oko ya watu wawili, iliyokuwa imepoa.

"Baada ya hitima nitakuja Lindi," akasema akiwa anamenya. "Hasubiriwi mtu aliyekwisha kurudi."

Ijumaa ile walikuja watu wengi. Bakary alileta mchele na samaki, mbuzi wawili walichinjwa, mwalimu alikuja na vijana wake wa chuo wakasoma tangu asubuhi. Mungu anisamehe, nilijiambia Yasini haimdhuru aliye hai. Wanawake walitunyoa nywele, mimi na mama, wakatuketisha mkekani ndani, wakatufunika kitambaa kimoja cheusi kama ilivyo desturi. Nje nilimsikia Akida Abdurahmani akipiga hodi. Kwa mara ya kwanza tangu vita aliingia ndani ya nyumba yetu, askari wameachwa mbali, karani yuko nyuma yake na daftari kwapani. Alivua viatu mlangoni. Nilichungulia kwa upenyo wa kitambaa nikaviona vile viatu vyeusi vimepangwa sawasawa mahali pale ambapo Likwata alikuwa akifuta miguu.

Na mimi nikakosa machozi. Nilikuwa nimelia miaka minne, na sasa nilipotakiwa hayakuja. Kaka yangu alikuwa hai, ameshavuka Ruvuma, ana kovu lake kidoleni na mabega yamenenepa, na nilichokuwa nacho tumboni chini ya kitambaa cha msiba kilikuwa furaha ambayo sikujua pa kuiweka. Mabega yalianza kunitikisika. Nilikuwa nataka kucheka.

Mama alikuwa analia vizuri sana, kwa sauti ya chini inayopanda na kushuka, akimtaja mwanawe jina kila anaposhusha pumzi. Katikati ya kilio, bila kukikata, mkono wake ukanitafuta gizani mle chini ya kitambaa, ukanishika juu ya kiwiko, ukanifinya kwa kucha.

"Lia vizuri, mwanangu," akaninong'oneza. "Watu wanatazama."